Isale la Wifi Yako

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza na wewe bila shikamoo.

Shangazi amekuja asubuhi hii. Ndiye huyo huyo wifi yako ambaye siku ya kukuzika alisimama ng'ambo ya mfereji, hakutupa hata konzi ya udongo. Amekuja na jani la isale.

Nilipoliona nilikumbuka majani yako. Unakumbuka? Hapana, hukumbuki, na hilo ndilo lililotuponza. Ulianza kwa kuteleka sufuria bila maji, ukaja kupotea ndani ya kihamba chetu, katikati ya migomba uliyoipanda mwenyewe. Kisha ukawa unachuma isale kila asubuhi na kumpelekea Shangazi: "Wifi, nisamehe." Kosa hulijui. Na huku kwetu isale haliletwi bure. Anayelileta amekosa, anayeletewa haruhusiwi kukataa. Shangazi akalitafuta kosa mpaka akalipata: mtoto wake wa kwanza, aliyefia mikononi mwako akiwa mchanga. "Leo amekiri mwenyewe," akawaambia watu. Tangu hapo hakuna jirani aliyegusa pombe yetu ya mbege.

Daktari wa mjini alikupa maneno matatu uyashike, yakakutoka kabla hajainua kalamu. Akakuchoresha saa, namba zote ukazirundika upande mmoja. Wakakupima damu, wakakupiga picha ya kichwa. Akasema presha uliyokaa nayo miaka bila dawa imeziba mishipa midogo ya ubongo, mmoja baada ya mwingine. Si uzee tu, wala si laana. Kilichopotea hakirudi, ila dawa ya presha ingepunguza mwendo wa ugonjwa. Na tusibishane nawe. Ndiyo maana nilikuwa nikikuwahi mlangoni, nalipokea jani mimi: "Nimekusamehe, Mama. Njoo unywe chai." Ulikuwa unatulia kabisa.

Nilipomweleza Shangazi, alicheka. "Tangu lini ugonjwa ukaomba msamaha?"

Sasa ni yeye. Juzi alimkamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa, akalia kwamba ameibiwa maziwa. Dawa zake za presha aliziacha tangu mavuno ya kahawa. Wanawe wanasema ni wewe umemrudia, na kesho wanataka kumpeleka kwa mtu wa maombi, akafungiwe huko mpaka umtoke. Naogopa, Mama. Akifungiwa na njaa na hofu, hatarudi yule tunayemjua.

Basi amesimama getini, wanawe nyuma yake. Nilitaka kufunga. Nikashika komeo kwa hasira. Akanitazama usoni, akaniita alivyokuwa akikuita wewe. "Wifi, nisamehe."

Ni ugonjwa, au ni moyo? Sijui. Nimelipokea kwa mikono miwili, nikawaambia wanawe: "Mmeona wenyewe. Ameomba, na mimi nimepokea kwa niaba ya Mama. Hakuna deni tena kaburini. Kilichobaki ni ugonjwa, na wa ugonjwa ni daktari." Mdogo ameinamisha kichwa. Mkubwa ameondoka.

Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni kwao kabla hawajaondoka naye, na lile sweta lako la kijani, maana mjini atashikwa na baridi akimsubiri daktari. Nakuahidi sitamwacha achukuliwe. Na akileta isale kila siku, kila siku nitaitika kwa jina lako.

Pumzika, Mama. Wifi yako yuko hapa jikoni, anakunywa chai kwenye kikombe chako.

Mwanao