Kaplingi ya Tatu

Zaitun mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Huku Arua tupo, tunamshukuru Mungu. Macho ya bibi yako yamezidi kufifia, na shangazi yako amerudi Koboko kwenye duka lake.

Unauliza kwa nini kaplingi ya boti yenu huko Entebbe inalika kila mara. Nilipokuwa fundi wa boti ya kuvusha watu pale Rhino Camp, ile raba inayounganisha injini na shafti ilisagika ikawa unga mweusi mara mbili. Nikasema raba ni mbovu. Kila mara tuliivuta boti nchi kavu, tukailaza juu ya magogo, nikanyoosha injini na shafti mpaka wembe ukashindwa kupita zinapokutana. Nikajisifu.

Ya tatu ilikatika katikati ya Nile, maji yakatuchukua. Ndani alikuwamo mama mwenye uchungu wa kuzaa, tukimvusha kwenda hospitali. Mengine siandiki.

Baada ya matanga mumewe, mvuvi, alikuja ufukoni. Nilidhani amekuja kunipiga. Aliitazama boti ikielea, akasema polepole, "Fundi, hii boti juu ya miti iko namna ingine. Kwa maji inapinda."

Nilipima humo humo majini. Kucha yangu nzima iliingia kwenye mwanya.

Kwa hiyo pima boti ikiwa inaelea, mzigo wake ukiwa ndani. Haichukui hata saa nzima. Mtoto yule angekuwa rika la mama yako.

Babu yako,
Juma