Wanafunzi Wangu wa Mtandaoni Wamefika kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba unishike mkono, maana nilipo nimesimama mguu ndani mguu nje na mtoto mgongoni, nikikosea hatua moja nitawaangukia wengi. Mimi ni nesi wa zahanati, wa cheti tu, si mtu wa madigrii, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume ambaye bado hajatembea lakini kwa kutambaa anatushinda sote, na usingizi kwangu ni kama mgeni wa heshima, akija namshukuru, asipokuja simuulizi.

Mwaka huu mkuu wetu wa zahanati aliniandikisha kwenye mpango wa kuwalea kimtandao wanafunzi wa sekondari wanaofanya utafiti wa afya mitaani kwao, akasema wewe una subira na simu yako ni nzima, nami nikaitikia kabla sijauliza ni kazi gani, kumbe ni kazi tamu. Kila Alhamisi jioni nakutana na kikundi changu kwa video, wao wakiwa maktaba ya shule yao, mimi jikoni kwangu, kamera nimeizima kwa sababu mara nyingi nakuwa nanyonyesha. Waandaaji hawatuambii shule wala mtaa wa watoto, wala watoto hawaambiwi sisi ni nani, wanasema ni kwa usalama, kwa hiyo mimi kwao ni Dada Nesi tu, na wao kwangu ni lakabu: kuna Mwenyekiti, binti anayeendesha kikao kama bunge, kuna Jicho, kijana wao wa kupiga picha, na wenzao wawili watatu ambao kazi yao kubwa ni kucheka.

Swali walichagua wenyewe: kwa nini wanafunzi wengi wanaumwa tumbo na kuharisha baada ya mapumziko ya asubuhi? Nikawafundisha kile kidogo ninachokijua, kwamba usianze na mtu unayemshuku, anza na wagonjwa, waulize walikula nini na walikunywa nini, kisha waulize na wazima vilevile, na ukipiga picha funika sura ya mtu asijulikane, na nikawaambia maneno ambayo sasa yananirudia kama mpira uliopigwa ukutani, nikasema kidole kifuate ushahidi, kisimfuate mtu.

Mshauri, walifanya kazi. Walipita darasa baada ya darasa, hata walimu wakaulizwa habari za matumbo yao, na Alhamisi iliyopita wakaja na jibu kwamba waliokunywa juisi ya kibanda kimoja pale langoni pa shule ndio wanaoumwa zaidi, wa vibanda vingine wana nafuu. Mwenyekiti akasema, "Dada Nesi, juisi yenyewe tamu, hatukatai. Tatizo ni moja, ukimaliza glasi huombi nyingine, unaomba ruhusa." Wakaangua kicheko, nami nikacheka mpaka mtoto akaachia ziwa akanitazama. Ndipo Jicho akatuma picha.

Sura ilikuwa imefunikwa doa jeusi, kama nilivyowafundisha. Chini ya doa kuna aproni ya maua, mbele yake meza na ndoo, juu mwavuli wa kijani, na mgongoni kwa huyo mama imechomoza miguu miwili midogo, mmoja una soksi nyekundu, wa pili una soksi ya njano. Mshauri, soksi hizo nilizivalisha mimi, kwa mkono huu, kabla hakujapambazuka, nikiwahi zamu. Aliye nyuma ya doa jeusi ni mama mkwe wangu, na aliye mgongoni ni mwanangu.

Nikasema, "Picha hii... naona haijatulia."

Jicho akanijibu, "Imetulia sana Dada Nesi, hata soksi za mtoto zinaonekana. Mama yake huyo ana haraka!"

Wakacheka tena. Sikucheka. Nikajikuta nasema kwamba wauza juisi wameshachunguzwa sana, habari zao zimechosha, afadhali tuangalie vyoo vya shule. Mwenyekiti akauliza taratibu kabisa, "Dada Nesi, ulisema kidole kifuate ushahidi. Leo tukihamishie chooni? Kwani choo kimekukosea nini?" Nikasingizia mtoto analia, nikaaga, na mtoto wakati huo alikuwa anacheka na kijiko.

Na mama mkwe si mchafu, naapa. Maji ya juisi anayachemsha kila siku kwenye sufuria lake kubwa, nimeyaona yakitokota kwa macho yangu, glasi anaziosha kwa sabuni, tena mimi mwenyewe ndiye ninayemgandishia barafu kwenye friji yangu, mifuko kwa mifuko, ili juisi iwe baridi, kwa hiyo hakuna kinachoingia mle nisichokijua. Isitoshe yeye ndiye anayenilelea mtoto nikiwa kazini, haniombi kitu, anambeba mgongoni huku anauza, na hata wiki hizi mtoto tumbo lilipolegea ni yeye aliyenituliza, akaniambia, "Meno hayo, mwanangu. Hata baba yake alikuwa hivyohivyo."

Nilijaribu kumgusia kwa mbali, nikasema mama, labda tungeangalia namna ya kuhifadhi ndoo. Akashika kiuno. "Ehe, umeanza! Jana nesi, leo bwana afya. Mtu akiumwa na juisi yangu angerudi? Hawa watoto wanarudi kila siku, tena mbio." Nikajisemea moyoni, mbio ni kweli wanakwenda, ila si zote zinaishia kwako.

Mume wangu ni seremala, nilipomweleza aliweka randa chini akasema, "Kati ya mama na mke mimi siingii. Hiyo mbao ina misumari pande zote mbili."

Sasa baada ya wiki mbili watoto wanawasilisha matokeo mbele ya mkuu wa shule, wazazi na bwana afya, na mimi natakiwa kuwa hewani kuwatambulisha. Kibanda kile kitafungwa, na mama mkwe amekijenga jasho kwa jasho tangu alipofiwa na baba mkwe, kikifungwa na akajua kuwa waliokifunga ni vijana niliowanoa mimi, nitaingia nyumba ile kwa mlango gani, na mtoto nitamwachia nani? Nikiwaambia watoto wakiondoe kibanda hicho kwenye matokeo, nimewafundisha kuficha. Niwaambie wakiondoe, au nijitoe kimyakimya niseme mtandao wangu mbovu, au nikae niangalie mambo yaende yatakakokwenda? Nisaidie, kichwa kimechoka na miguu haina nafuu.

Ni mimi,
Nesi wa Soksi Mbili

*

Nesi wa Soksi Mbili,

Pole kwa usingizi, mdogo wangu, na hongera kwa vijana hao. Umewalea wiki chache tu na tayari wana ubavu wa kumwambia mkubwa kwamba amepotoka, bila kumvunjia heshima. Wapo wazazi wanaotafuta hilo miaka na hawalipati. Basi usiliharibu kwa mkono wako mwenyewe.

Kuwapeleka chooni lilikuwa jambo la aibu, na unajua. Kusingizia mtandao ni aibu ileile, imevaa nguo nyingine. Na kukaa kimya ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu siku watakapogundua wewe ni mkwe wa yule mama, na watagundua, wana Jicho, watajiuliza ni mangapi mengine uliyowafundisha huku umeficha jambo.

Sasa nikukaripie kidogo, halafu tuendelee. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenieleza sufuria, umenieleza sabuni, umenihakikishia hakuna kinachoingia mle usichokijua. Barafu je? Umeigandisha kwa maji gani? Ukinijibu ni maji yaliyochemshwa, nitakuomba radhi hapahapa mbele ya wasomaji. Lakini mtu anayemvalisha mtoto soksi gizani huku anakimbilia zamu, mimi namwona kabisa anakinga mfuko bombani, anafunga fundo, anasukuma kwenye friji. Mama mkwe naye akiona barafu imetoka kwa nesi, aulize nini? Kila mmoja amemwamini mwenzake, na kati yenu hakuna aliyechemsha. Nesi mzima!

Sisemi ni barafu kwa yakini. Inaweza kuwa ndoo, inaweza kuwa kitambaa cha kufutia glasi, mimi siko langoni pale. Nasema hilo halijaulizwa, na wewe ndiye uliyekuwa na jibu lake muda wote huo, unamwonea huruma mama mkwe kwa kosa ambalo pengine ni la friji yako.

Na meno yasisingiziwe. Angekuja mama kwenye zahanati yako akakwambia mtoto tumbo limelegea wiki hizi ila ni meno tu, ungemkalisha chini. Jikalishe na wewe. Mtoto apimwe kesho asubuhi kabla hujashika kazi nyingine, na umuulize bibi yake kwa upole kama huwa anamwonjesha mjukuu ile juisi. Bibi gani haonjeshi?

Leo hii barafu yote iliyomo kwenye friji imwage. Usiseme ungoje utafiti ukamilike, watoto wa watu wanakunywa kesho. Ila siku uliyoimwaga iwekee kumbukumbu, vijana wataihitaji. Kisha nenda kwa mama mkwe, na wala usianze na ndoo. Mkwe akitaja ndoo, mwenye ndoo husikia ametukanwa. Mwambie, "Mama, nina wasiwasi na ile barafu yangu, maji yake sikuyachemsha. Huenda nimekuharibia juisi." Hapo hukumshtaki mtu, umejishtaki mwenyewe, na mtu anayejishtaki hupewa kiti na maji. Atakutania mwaka mzima, vumilia. Hapohapo mwambie pia habari za wanafunzi, zote, asije akazisikia kwa muuza karanga wa pembeni yake.

Waandaaji wa mpango wapigie simu, waeleze kwamba aliyechunguzwa ni ndugu yako, na uombe mlezi mwingine akae na kikundi katika sehemu inayohusu kibanda hicho. Utabaki na mengine. Ni kawaida ya kazi hii, usione kama umefukuzwa.

Halafu waache vijana wafanye jambo ambalo hukuwafundisha, na hili ulilisahau wewe, si wao: matokeo yanarudi kwanza kwa mwenyewe. Kabla ya mkuu wa shule, kabla ya bwana afya, wapite kwa kila mwenye kibanda pale langoni, wamwamkie, wamwambie walichokiona, wamsikilize naye. Kwenye kuwasilisha watumie namba badala ya alama zinazomtambulisha mtu, hata mwavuli usitajwe, na zile soksi zifunikwe pia! Mama mkwe wako atafoka mwanzoni. Lakini hao ni wateja wake, tena wapendwa, na mtu husikia kwa mteja yale asiyoyasikia nyumbani. Wamwombe ajaribu nao barafu ya maji yaliyochemshwa, wahesabu tena wanaoumwa. Wakipungua, atasimama mwenyewe mbele ya bwana afya kueleza alichobadilisha, na sidhani kuna mtu atakayemnyang'anya kipaza sauti. Wasipopungua, basi wanaendelea kuuliza, na kibanda kikilazimika kufungwa siku kadhaa kisafishwe, kitafungwa. Juisi inayoangusha darasa haiuzwi kwa sababu muuzaji ni mama yetu. Hilo mwambie pia, kwa mapenzi, ila mwambie.

Fundi wako naye atoke mafichoni nyuma ya hiyo mbao yake. Hakuna aliyemwomba kuamua kesi. Atengeneze stendi ya ndoo yenye bomba na mfuniko, apeleke kwa mama yake, apige misumari yote upande mmoja.

Alhamisi usingoje Mwenyekiti afungue kikao. Omba nafasi wewe, na useme hivi, usiongeze chumvi: "Wanangu, nilitaka kuwageuza njia, na nilikosea. Mnayemchunguza ni mama mkwe wangu, mtoto aliye mgongoni ni wangu, na barafu ya ile juisi nilikuwa natengeneza mimi. Niulizeni." Kisha nyamaza. Usiwasaidie hata swali moja.