Kitambaa cha Mama na Ruta ya Antena Nane

Nyumba ya Wageni,
Mezani pa mapokezi,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kitinda,

Pokea marahaba yangu mapema kabla hujaniamkia, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda hiyo shikamoo ukaamua kuimeza. Hali yako, mdogo wangu? Shemeji mzima? Wale wapwa zangu wameshaacha kukohoa? Baridi ya huko Mama anaisikia kwenye mifupa yake kila unapoitaja. Sisi huku wazima. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi, ila wifi yako anasema goti halina ugonjwa wowote, ni tumbo ninalolibebesha. Tumwache.

Najua unashangaa kaka yako kushika kalamu wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii unaijua: ikilia tu, Mama anailaza mezani, anafungua spika, na mpishi anapunguza moto ili asikie vizuri. Nilicho nacho nataka ukisome peke yako kwanza. Barua anakuletea jirani yetu mshonaji, anayekuja huko kumwona mwanawe. Mpe chai, hajui alichobeba.

Ni habari ya ruta.

Unakumbuka ulivyonielekeza tulipoamua kuwawekea wageni intaneti. Ulisema nisitazame sura ya chombo, niulize kinabeba simu na kompyuta ngapi kwa wakati mmoja. Ninunue mbili za biashara, zile bapa za kufunga darini, moja kila ghorofa, na mtandao wa wageni usichanganywe na wa mapokezi. Nilikuitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni nimenuna. Nifundishwe na mtoto niliyekuwa namfunga kamba za viatu!

Basi nikaenda dukani na kiburi changu. Muuzaji akanionyesha hizo bapa, nikaziona kama vifuniko vya sufuria. Pembeni yake kulikuwa na moja nyeusi, antena nane zimesimama, kama kaa aliyepinduliwa. Muuzaji wa watu hakunificha. "Mzee, hiyo ni ya nyumbani, ya watu wachache." Nikamjibu, "Hesabu antena, kijana!" Akanifungia.

Nikaiweka juu ya kabati la mapokezi. Mama akaja, akaitazama, akasema, "Maskini, mmeiacha uchi hivi?" Kesho yake ilikuwa imevaa. Unavijua vitambaa vyake vya kufuma: redio inacho, televisheni inacho, hata mtungi wa gesi una sketi. Ruta ilipata cheupe chenye ncha za bluu, na kila antena ilitolewa tundu lake. Wageni wakawa wanaipiga picha.

Siku za wageni wachache ilikwenda vizuri. Siku walipokuja wale walimu wa semina, vyumba vyote vimejaa, kila mmoja na simu yake na kompyuta yake, ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Watu wazima na heshima zao wakawa wanazunguka ukumbini wameinua simu juu, ungedhani wanakinga maji ya paa linalovuja. Jioni kiongozi wao akaniletea funguo zote kwenye sinia. "Samahani mzee, tunahamia ng'ambo ya barabara."

Na hapo ndipo ulipopiga. Spika wazi. Ukauliza kumetokea nini. Kitinda, ningeweza kusema nimenunua vibaya. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Jicho likaangukia kile kitambaa, nikasema, "Mama kaifunika, imekosa hewa, imeungua."

Ukamsema. "Mama, hivi vitambaa vyako vitatufungia biashara! Lazima kila kitu ukivishe?" Mpishi alikuwa mlangoni. Walimu walikuwa bado wanashusha mabegi. Mama akajibu tu, "Sikujua, mwanangu." Wewe sikulaumu; uongo ulikuwa wangu, wewe ulinisaidia sauti tu.

Fundi alipokuja alikishika kitambaa, akacheka. "Bosi, hiki kina matundu kuliko chandarua, kitaunguza nini? Na hii haijaungua. Imeelemewa. Umeibebesha hoteli nzima." Nikachungulia mlangoni kama Mama yupo. Hakuwepo. Nikamwomba fundi hayo maneno yaishie pale pale. Akanitazama, kisha akatazama bisibisi yake. "Haya." Pale simu ilipolia naweza kusema niliteleza, lakini kwa fundi sikuteleza, dada yangu. Nilikaa, nikafikiri, nikachagua.

Tumeshafunga zile bapa ulizosema, na mtandao wa wageni uko peke yake. Zinafanya kazi kiasi kwamba hakuna anayezitaja, na nasikia huo ndio uzuri wa ruta. Ile ya antena nimeihamishia kwangu, tuko mimi na wifi yako tu, na haijakwama hata mara moja. Wifi yako sasa ananiita Mzee wa Antena.

Lakini Mama amevua vitambaa vyote. Redio iko uchi, televisheni iko uchi, mtungi wa gesi umebaki mtungi wa gesi. Kikapu cha uzi amekisukuma chini ya kitanda. Na sasa ananiomba ruhusa. "Mwanangu, nikiweka kikombe hapa, hakitaharibu kitu?" Mama yetu, Kitinda! Kwenye meza ambayo miguu yake ndiyo tuliyojifunzia kusimama! Namjibu "weka tu, Mama", halafu natafuta sababu ya kutoka nje.

Leo asubuhi nimeshindwa. Nimemkuta jikoni anachambua maharage, nimemwambia yote, mpaka la fundi. Nilitegemea atanicheka au atanitukana, chochote. Akaendelea kuchambua. Mwishowe akasema, "Umeniambia jikoni, mimi na wewe. Mimi nilisemwa spika wazi." Basi. Akanisukumia sinia nimalizie, akaondoka.

Ningeweza kukupigia leo hii nikayamwaga, lakini ningekuaibisha na wewe mbele ya watu kwa kosa langu, usijue hata unajibu nini. Ndiyo maana nimeandika. Ukishasoma, piga mchana, saa ya wageni kula, Mama akiwa hapa mapokezi. Akishafungua spika, niulize upya: ile ruta iliharibiwa na nini? Usinipunguzie. Nitajibu kwa sauti ya kumfikia mpishi jikoni. La kumwambia Mama baada ya hapo unalijua mwenyewe, sikufundishi. Nimejionea faida ya kutofundishika.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wabusu mmoja mmoja, usiwajumlishe. Wifi yako anakusalimu na anasema ungeolewa karibu angalau angekuwa na mtu wa kunicheka naye. Mpishi anakusalimu pia. Mama hajui nakuandikia, kwa hiyo salamu zake zisubiri simu. Mungu akulinde kazini na njiani, awakuze wanao vizuri, na huyu kaka aliyekupa amfanyie marekebisho.

Wako akupendaye, uniamkie au usiniamkie,

Kaka yako,
Mzee wa Antena

Nilikwisha funga bahasha, nimeifungua tena. Mama amepita hapa sasa hivi. Amesimama chini ya ruta ya darini, ameitazama kwa muda, kisha akauliza, bila kugeuka upande wangu, "Hii upana wake kiasi gani?" Nimeleta ngazi, nimepanda na rula, goti na tumbo na vyote.