Yule Msichana wa Tamthilia Hamwambii Mama Yake

Jumatano

Nimesahihisha madaftari ya darasa zima, mgongo unauma, na bado kinachonisumbua ni tamthilia.

Binti yangu Neema alining'ang'aniza jioni tuangalie ile yake ya kigeni, ya msichana wa sekondari anayeona watu waliokufa. Sehemu tatu mfululizo! Mie mizimu siipendi, na yule mtafsiri anayepiga kelele juu ya sauti za waigizaji alinichosha kuliko mizimu yenyewe.

Sehemu ya kwanza msichana anaona kizee bwenini. Ya pili halali tena. Ya tatu karudi nyumbani, mama yake anamuuliza ana nini, anajibu, "Sina kitu."

Nikakereka. "Sasa huyu si angemwambia tu mama yake? Yote yangeishia sehemu ya kwanza."

Neema hakugeuka. "Akimwambia atapelekwa kuombewa."

Nikacheka. Halafu nikakumbuka.

Mwaka jana alikuja chumbani kwangu akasema, "Mama, silali, moyo unanienda mbio." Sikumuuliza hata swali moja. Jumapili yake nikamsimamisha mbele ya kanisa zima, mchungaji akamwekea mikono kichwani. Tangu siku hiyo kila nikimuuliza anasema analala vizuri. Nami nikasimama kutoa ushuhuda kwamba amepona.

Naandika haya, na taa ya chumbani kwake bado inawaka. Nilikuwa nadhani anasoma.

Ngoja nikagonge.