Nimesema Mezani

Kaka yangu wa mbali,

Kaa chini kwanza, maana mimi naandika nimesimama, nimeegemea cherehani. Nimesema! Lile ulilonionya nilimeze mpaka nife, nimelitoa Jumapili mezani, mbele ya baba na mama.

Baba alinitaka niombee chakula. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, na badala ya sala likatoka: "Baba, omba wewe. Mimi siamini tena kwamba Mungu yupo." Kijiko kikamponyoka mama.

Yeye ndiye aliyepata sauti kwanza. "Kwa hiyo miaka yote unaitikia amina, ulikuwa unamshukuru nani?"

"Wewe, mama. Si ndiwe uliyepika?"

Kaka, alicheka! Alilia pia, sikufichi, lakini kicheko kilitangulia. Baba mpaka leo hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwagiza mama, na kopo ninalo mimi mkononi. Hilo linaniuma. Ila usiku nalala fofofo, na mchana nashona huku naimba, mpaka wateja wananiuliza nimeposwa na nani.

Jana mama alikuja dukani, akajifanya anachagua vifungo. "Na kaka yako pia? Ndiyo maana haji nyumbani?"

Nikamwambia hilo ni lako kulisema. Akavirudisha vifungo vyote, akajifunga mtandio.

"Mwambie siku ile nilipokulilia wewe, nilimlilia na yeye hapohapo. Nimeshamaliza. Aje tu ale."

Mdogo wako, domokaya