Shangazi wa Kila Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha "ushirikiano" tena. Sisi wa nyumba ya hifadhi, polisi na uhamiaji — eti sasa tuna mfumo mmoja wa kompyuta, kila mtu aone alichonacho mwenzake kuhusu wasichana wanaouzwa. Inspekta wa polisi kaja kanuna, kaondoka kanuna. Nilimwomba ruhusa ya kuona rekodi za mpakani. Ati nisimfundishe kazi. Simpendi, na sifichi.

Jumanne, 4 Machi
Kaongea! Yule msichana aliyeletwa wiki jana, tunayemwita Kimya. Aliahidiwa kazi ya saluni, akaishia kufungiwa ndani kwa watu, anafanyishwa kazi bila mshahara. Nani alikupeleka? Shangazi. Dada yake baba? Akanishangaa. Hapana, ndivyo anavyoitwa tu. Wasichana wote wanamwita hivyo.

Wote!

Jumatano, 5 Machi
Dada mmoja wa uhamiaji kanifungulia rekodi za mpakani bila kumuuliza Inspekta. Mungu ambariki. Nimezisoma sambamba na zetu. Kila msichana kaulizwa mpakani: umesafiri na nani? Shangazi. Na wewe? Shangazi. Na mfumo ukiona neno hilo unaweka alama ya kijani: yuko na ndugu, hana hatari. Pumbavu kabisa! Tumemfungulia mwizi mlango kwa mikono yetu.

Nikampigia Inspekta. Akacheka. Kwani nataka akamate mashangazi wa nchi nzima? Nikamkatia simu.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa mfumo anasema alama haifutwi mpaka kikao kipitishe. Kikao ni Jumatatu. Mume wangu anasema nakula kama nagombana na sahani. Anyamaze naye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejifungia ofisini. Inspekta yuko nje na mama mmoja nadhifu, mpole, mkoba begani. Inspekta kaja na karatasi: Kimya ana alama ya kijani, ndugu kajitokeza, akabidhiwe. Mama akasema, "Mimi ndiye shangazi yake, mwanangu."

Haya, nikamwambia, shangazi ni dada wa baba. Kaka yako anaitwa nani?

Akageuka kumtazama Inspekta. Inspekta akadakia: "Shangazi, usimjibu huyu."

Alivyolitamka! Kama mtu aliyelizoea miaka.

Nikamvuta Kimya ndani, nikapiga komeo. Yuko chini ya meza, kang'ang'ania sketi yangu. Nampigia dada wa uhamiaji — inaita tu. Polisi nimpigie nani, na polisi ndiye huyu mlangoni?

Anagonga. Sasa anabembeleza. Eti nifungue, Shangazi kachoka kusimama —