Darryl na Kifuniko cha Rejeta

Marlee, sikia yaliyotokea leo kazini, kwenye ujenzi wa barabara. Wiremu ameungua uso mzima!

Greda letu la kusawazisha barabara lilichemka kwa hili joto la hapa Hedland. Nikamwambia Darryl tulizime, lipoe kwanza. Msimamizi mzima akanicheka: "Tegan, joto likikushinda rudi jikoni! Wiremu, fungua rejeta, ongeza maji!"

Wiremu akafungua. Mvuke ukamrukia usoni. Shosti, alivyolia!

Ambulansi ilipoondoka naye, Darryl akatuuliza bila haya: "Nani alimwambia afungue?"

NANI ALIMWAMBIA!

Nikasema, "Wewe." Mbele ya wote. Nikawageukia wenzangu, waliomsikia kwa masikio yao, wanaokunywa bia na Wiremu kila Ijumaa. Kila mtu akainama, anatazama viatu vyake.

Nimefukuzwa, Marlee. Wao wamewasha mashine, wanaendelea na kazi kwenye jua lilelile.